Usilambe: Miaka Yangu Kwenye Majani

Siku ya kuniaga, vijana wa shamba la malisho mliniuliza swali ambalo sikulijibu vizuri kwa sababu mdomo ulikuwa na pilau: mzee, ulianzaje hii kazi ya kupima majani? Sasa nimekaa nyumbani muda wa kutosha kuchoka kupumzika, kwa hiyo najibu kwa maandishi. Vyeo sitavitaja. Havikuwa vingi, na vile vilivyokuwepo havikuotesha hata jani moja.

Nilizaliwa Bukundi, kule Meatu, na shule niliiacha darasa la tano. Hakuna aliyenifukuza. Barabara ilipita mbele ya dirisha la darasa, magari yalikwenda mahali, na mwalimu hakuweza kuniambia yanakwenda wapi. Nikaenda kuangalia mwenyewe. Nimebeba marobota kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba. Nimeanika dagaa Lamadi mpaka paka wa mji mzima wakawa wananijua kwa harufu. Nimechoma matofali, nimekuwa utingo wa lori. Kila kazi ilipoishiwa na jambo jipya la kunifundisha, niliiaga.

Shamba la malisho nililipata kwa sababu ya pancha. Lori letu lilikwama nje kidogo ya Bariadi, na wakati dereva anahangaika na jeki mimi nikaegemea uzio wa senyenge. Upande wa pili kulikuwa na mtu mrefu, mwembamba, amening'iniza mzigo wa majani kwenye mizani ya pamba. Nilikuwa nimeona pamba ikipimwa, samaki wakipimwa, watoto wakipimwa kliniki. Majani, hapana.

“Mnanunua majani?” nikamuuliza.

“Hatununui.”

“Basi mnayapima ya nini?”

“Tunataka kujua yameongezeka au hayakuongezeka.”

“Si yanaonekana kwa macho?”

Akaniangalia kuanzia ndala mpaka kofia. “Haya, wewe mwenye macho. Kati ya kitalu hiki na kile pale, kipi kina majani mengi?”

Nikaonyesha kile cha mbali. Kilikuwa kijani cha kukolea, karibu kinaelekea weusi.

“Vimelingana,” akasema. “Kile kimepewa mbolea nyingi zaidi, kikapata rangi tu. Uzito ni uleule. Ruka uzio, uje ushike huu mfuko.”

Nikaruka. Lori lilipopona lilipiga honi mara kadhaa, halafu likaondoka na sanduku langu la nguo. Nasikia lilifika Maswa salama.

Yule mtu aliitwa Bwana Nkwabi. Alikuwa msimamizi wa majaribio, amesomea mifugo chuoni, na alikuwa na tabia ya kukupa jibu moja likiwa na maswali mawili ndani yake. Kwa mtu kama mimi hiyo ilikuwa kamba tosha ya kunifunga mahali. Akaniita Msafiri, nami nikakaa hapo mpaka nikastaafu. Jina halikubadilishwa.

Kazi ya kwanza niliyopewa ilikuwa fremu. Ninyi mnazo za bomba jepesi. Yetu ilikuwa nondo nyembamba iliyokunjwa pembe nne na fundi wa baiskeli. Unaitupa ndani ya kitalu bila kuchagua, kisha unakata majani yote yaliyo ndani yake, na ya nje huyagusi hata yakikubembeleza. Kosa la kila mgeni ni kutupa fremu kwenye majani mazuri. Mkono wenyewe unapenda uzuri. Bwana Nkwabi alinitaka nigeuke nitupe kwa mgongo, na mara ya kwanza nikampiga nayo kwenye ugoko. Alichechemea siku nzima bila kusema kitu, isipokuwa kwamba angalau sikuchagua.

Kukata nako kuna adabu yake. Unaweka ngumi chini kwenye udongo, na mundu unapita juu ya ngumi. Ukikata chini zaidi unakula akiba ya mmea, hautachipua vizuri. Ukikata juu sana unajidanganya kwamba majani ni machache. Nimefundisha watu wengi kukata kwa ngumi, na siku zote namchagua mwenye ngumi ya wastani, maana tuliwahi kuwa na kibarua wa Shishiyu mwenye mkono kama sufuria, vitalu vyake vyote vikaonekana vimekumbwa na ukame.

Kisha kuna kukausha. Hili lilinichukua muda kulielewa. Tunayapima majani yakiwa mabichi, halafu tunayatia kwenye mifuko ya kaki, tunayaweka kwenye oveni mpaka yakauke kabisa, tunayapima tena. Ile oveni ilikuwa ya mafuta ya taa na ilihitaji kusemeshwa vizuri. Nikamuuliza Bwana Nkwabi kwa nini tunapoteza mafuta. Akasema ng'ombe halipi maziwa kwa maji aliyokunywa ndani ya jani. Majani yaliyopewa mbolea nyingi hujaa maji, yanakuwa mazito mkononi, yanakufurahisha. Ukiyakausha ndipo unajua kilichobaki. Tangu hapo, mtu akinijia na maneno mengi, huwa namwangalia kimyakimya nikijiuliza atabaki na uzito gani akitoka kwenye oveni.

Swali letu kubwa lilikuwa la naitrojeni. Tulikuwa na majani ya msimu wa mvua: majani ya Rhodes, mabingobingo, na mtama wa malisho. Kila aina tuliigawa vitalu, kimoja hakipewi mbolea, kingine kidogo, kingine wastani, kingine nyingi. Mvua ikikolea tunanyunyiza urea, mbolea yenye naitrojeni, tunasubiri, tunakata, tunapima. Kwa maneno ya Bwana Nkwabi, naitrojeni ndiyo inayolifanya jani liwe jani. Udongo wetu umeikosa kwa sababu tumelima pamba juu ya pamba tangu enzi za babu zetu, tukachukua bila kurudisha.

Siku ya kwanza kufungua gunia la urea nilichota chembe nyeupe, za mviringo, zinateleza kama ulezi. Kama ilivyo desturi yangu na kitu nisichokijua, nikapeleka moja mdomoni.

“Usilambe!” Bwana Nkwabi akafoka. Ni mara chache nilimsikia akipaza sauti.

Nilikuwa nimeshalamba. Haikuwa na ladha ya chumvi. Ilikuwa chungu kwa mbali, na ulimi ukapata ubaridi, kama nimelamba jiwe la asubuhi. Nikamwambia. Akachota kidogo akatia kwenye kikombe cha maji, akanipa nishike. Kikombe kikapoa mkononi mwangu, juani, bila barafu wala kivuli. Akaniambia urea ikiyeyuka inanyang'anya joto. Nilikaa na kile kikombe mpaka kikarudi kuwa cha kawaida, kisha nikaomba afanye tena.

Nimesema haikuwa na ladha ya chumvi, na hapa ndipo penye kisa chenyewe. Wote mnajua mbolea hizi kwa Kiswahili zinaitwa mbolea za chumvichumvi. Ofisini tulisema hivyo, redio ilisema hivyo, mabwana shamba walisema hivyo. Kijijini hakuna mwenye muda wa jina refu namna hiyo, ikawa chumvi tu. Zamani halikuwa na madhara. Mbolea ilikuja kupitia chama cha ushirika, kwenye magunia yaliyoshonwa, ikaingia ghala la ushirika, na bwana shamba alikuwa amesimama mlangoni. Chumvi ya kula ilikuwa duka lingine kabisa, wakati ilipokuwepo.

Halafu likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wa pamba wakamiminika Kasoli, kila mmoja na mizani yake, kila mizani na ukweli wake. Ruzuku ya mbolea ikaondoka na bei ikapanda mpaka mkulima akawa hawezi kununua gunia zima. Wachuuzi wakaona nafasi. Wakayafungua magunia, wakauza kwa kopo, mezani, katikati ya sabuni, betri, magadi na chumvi. Maandishi ya gunia yalibaki kwenye gunia, na gunia lilikuwa nyuma ya meza, limekaliwa na mchuuzi.

Kwetu shambani soko huria lilikuja kwa mlango mwingine. Wenzetu walipunguzwa, mafuta ya oveni yakawa ya kuomba, na ikaja amri kwamba majaribio yasikae ndani ya uzio, yaende kwa wananchi. Wengine walilalamika. Mimi nilifurahi, maana nilikuwa nimeshaujua uzio wote.

Mwananchi wa kwanza kutukubali alikuwa mjane wa jirani na Kasoli, Mayu Kabula, yaani Mama Kabula kwa Kisukuma. Mumewe alimwachia ng'ombe wachache na ngitili nzuri. Kwa mgeni wa Usukumani, ngitili ni malisho yanayofungwa mvua zikianza, hakuna mfugo unaoingia mpaka kiangazi kikali, ndipo yanafunguliwa kuokoa ng'ombe. Mtu akichungia kwenye ngitili ya mwenzake, sungusungu, walinzi wa kijiji, wanamfuata.

Tulipofika mara ya kwanza Bwana Nkwabi alimsalimu, “Mwangaluka, mayu,” naye akaitikia, akatupatia vigoda, kisha akatuuliza hata kabla hatujajieleza: “Hiyo mbolea yenu, inaweza kufanya ngitili ya mtu mmoja itoe majani ya watu wawili?”

“Ikipata mvua, inaweza kuongeza sana,” Bwana Nkwabi akasema. “Siwezi kukuahidi kiasi.”

“Mwanaume asiyeahidi. Karibuni.”

Baadaye ndipo tukajua sababu ya swali lile. Shemeji yake, Mzee Masanja, alikuwa na kundi kubwa la ng'ombe na mpaka mmoja naye. Alikuwa ameshapeleka maneno kwa wazee kwamba mjane mwenye ng'ombe wachache hana haja ya ngitili nzima, iunganishwe na malisho yake, naye atamtunza shemeji. Mayu Kabula hakutaka kutunzwa. Aliwajibu wazee kwamba atakata majani, atakausha, atauzia watu kiangazi, na ngitili itamlisha yeye na wajukuu. Wazee wakampa mpaka mwisho wa mvua. Kama majani yatatosha kulisha ng'ombe wake na yakabaki ya kuuza, ngitili ni yake. Yasipotosha, inakwenda kwa Masanja. Kwa hiyo ile pembe ya ngitili aliyotupatia kwa vitalu vyetu haikuwa ya majaribio kwake. Ilikuwa nyumba yake.

Tukapanda. Tukaweka vitalu, tukachomeka vigingi vilivyopakwa chokaa. Mvua ilikuwa na roho nzuri mwaka ule. Tulinyunyiza urea jioni wakati wingu limeshakusanyika, maana ukiimwaga kwenye udongo mkavu, juani, sehemu yake inapaa hewani, unabaki umewalisha ndege. Hatukumwaga yote kwa mkupuo, tuliigawa, nyingine baada ya kukata mara ya kwanza. Na tulimkataza kabisa kuingiza mfugo siku za karibu na kunyunyiza.

Majani yalitoka. Ndugu zangu, mimi si mtu wa kusifu, lakini yale majani yalisimama kama watu. Kitalu kisichopewa kitu kilifika magotini, manjano kidogo, kinajitahidi. Cha pembeni yake, kilichopewa wastani, kilinifika kifuani. Mpaka kati yao ulikuwa umenyooka kama ukingo wa meza. Mayu Kabula aliona siku moja, akarudi nyumbani, akalala mapema. Aliniambia baadaye aliogopa kufurahi mbele yetu.

Majirani nao waliona, na huko ndiko maneno yalikoanzia. Nani amewahi kuona majani ya Mungu yanaota kwa pembe nne? Vile vigingi vyeupe vinazuia nini, na ile chumvi aliyomwaga jioni ni ya nani? Mnajua kwetu neno likianza hivyo, na anayesemwa ni mwanamke mzee anayeishi bila mume, linaweza kuishia wapi. Mayu Kabula alijua kuliko sisi. Alianza kuacha mlango wazi mchana kutwa, ili yeyote apite aone ndani hakuna kitu.

Asubuhi tuliyokwenda kukata kwa mara ya mwisho, tulikuta watu wamejaa uani kwake. Mzee Masanja alikuwa katikati na fimbo yake, kofia imekaa upande.

“Ng'ombe wangu wanakufa,” alikuwa akisema. “Wamepita ukingoni mwa majani ya huyu mwanamke, sasa wanaanguka. Nani hapa anataka ushahidi mwingine?”

Mayu Kabula alikuwa amesimama mlangoni na ungo mkononi. “Shemeji, ukingo ule una miiba uliyoiweka wewe mwenyewe. Ng'ombe wako walipitaje?”

“Walipita kama uchawi unavyopita.”

Watu wakaguna. Vijana wawili wa sungusungu walikuwa wameshasogea karibu na mlango. Bwana Nkwabi akaweka chini mizani, akasema kwa sauti yake ileile ya kitaluni, “Mzee Masanja, shikamoo. Ng'ombe wako wapi?”

“Marahaba. Wanakufa, wewe unawataka wa nini?”

“Nataka kuwanusa.”

Mtu mmoja akacheka. Nadhani kicheko kile kilitusaidia, maana umati ukitoa kicheko unakuwa umevuta pumzi. Tukaenda zizini, watu wote nyuma yetu.

Ng'ombe walikuwa katika hali mbaya. Wengine wamelala matumbo yamevimba, wengine wamesimama wanatetemeka, mate yanatoka povu. Bwana Nkwabi akapiga magoti, akafungua mdomo wa dume moja, akanusa, akaniita. Nikanusa. Ilikuwa ile harufu ya zizi lililofungwa siku nyingi, kali, inayochoma pua, na ilikuwa inatoka ndani ya tumbo.

“Wamelamba nini, baba?” Bwana Nkwabi akauliza.

“Nimeshakwambia wamekula nini.”

Mimi nilikuwa nimeshaliona hori. Lilikuwa gogo lililochimbwa, la kulambia chumvi, kando ya lango. Lilikuwa limelambwa mpaka likang'aa, ila kwenye ufa wa chini zilibaki chembe nyeupe, za mviringo, zinateleza kama ulezi. Nikachukua moja, na mbele ya watu wote nikaiweka kwenye ulimi. Ikawa baridi. Nikatema.

“Bwana Nkwabi,” nikasema, “ni ile ya kikombe.”

Akanitazama mara moja, akaelewa. Hakumgeukia Masanja. Alisema tu, kwa watu wote, “Nahitaji siki. Nyingi. Na maji ya baridi, mengi zaidi.”

Siki. Kijiji kizima hakikuwa na chupa moja ya siki. Siki ni kitu cha hoteli. Hapo ndipo alipotufundisha, huku akikunja mikono ya shati, kwamba kitu kile kikiingia tumboni mwa ng'ombe kinageuka hewa kali, ileile tuliyoinusa, inaingia kwenye damu, na kinachoweza kuizuia ni uchachu. “Kitu kichachu chochote,” akasema. “Nani ana kitu kichachu?”

Mayu Kabula akauliza kutoka nyuma ya watu: “Uchachu wa ukwaju unafaa?”

Bwana Nkwabi akafikiri. “Sijawahi kuujaribu. Lakini ni uchachu.”

Mayu Kabula alikuwa na magunia ya ukwaju nyumbani, aliokusanya kiangazi kizima kwa ajili ya wapika uji wa Kasoli. Hakwenda haraka. Alimwangalia Masanja kwanza, mbele ya watu waliokuja kwake asubuhi ile kwa jambo jingine.

“Shemeji,” akasema, “nikuletee ukwaju wa mchawi?”

Mzee Masanja aliangalia ng'ombe wake. “Lete,” akasema.

Sijawahi kuona ukwaju ukipondwa kwa kasi ile. Wanawake waliponda, watoto wakachota maji kwenye mitungi ya ndani iliyopoa, mtu akaleta maziwa yaliyoganda, sisi tukanywesha kwa chupa za soda. Mkono wa kushoto unainua taya, wa kulia unaingiza chupa pembeni mwa mdomo, taratibu, ng'ombe asipaliwe. Nilinyweshwa na mimi kiasi kikubwa, bila kukusudia, kupitia kola ya shati. Tulipoteza ng'ombe kadhaa, sitaficha. Wale waliokuwa wamelamba kwa pupa walikuwa wameshakwenda mbali. Lakini wengi walibaki, na jua lilipokuwa juu, lile dume tulilolinusa lilisimama, likajinyoosha, likakojoa. Watu wakashangilia mkojo wa ng'ombe kama goli.

Wazee wakasema jambo lile lizungumzwe palepale, wakaita dagashida, yaani baraza la jadi, kabla watu hawajaenda kulitengeneza majumbani. Mzee Masanja akaulizwa. Hakuzunguka. Alikuwa mtu mgumu, si mwongo, na ng'ombe walikuwa wamemtoa maneno mengine yote.

“Niliona majani ya shemeji yanavyonenepa,” akasema. “Nikauliza yanakula nini, nikaambiwa chumvi. Nikaenda Kasoli siku ya mnada, nikasema nataka ile chumvi ya wataalamu. Nikauziwa. Nikawaza, kama jani linailamba linanenepa, halafu ng'ombe anakula jani ndipo anenepe, mimi nizunguke kote huko kwa nini? Nikampa ng'ombe mwenyewe.”

Hakuna aliyecheka. Naamini nusu ya waliokaa pale walikuwa wameshawaza hivyohivyo, na wengine walikuwa nayo nyumbani kwenye kopo.

“Wao wanaita chumvi,” Masanja akaendelea. “Mimi nikawapa ng'ombe chumvi. Kosa langu liko wapi?”

Bwana Nkwabi akasimama. “Kosa liko kwenye jina, baba, na jina tulilileta sisi.” Akaomba bakuli la maji, akatia chembe za urea zilizobaki kwenye mfuko wetu, bakuli likazungushwa. Kila mmoja alilishika, likampoza viganja, akampa mwenzake. Mzee mmoja alilishika muda mrefu mpaka akadaiwa.

“Basi isiitwe chumvi,” Mayu Kabula akasema. “Itatuua. Huyu kijana wako, huyu wa kuonja, ulimkataza siku ya kwanza ukamwambiaje?” Nilikuwa nimemsimulia kisa cha kikombe wakati tunapanda.

“Nilimwambia usilambe.”

“Hilo ni jina zuri. Iitwe Usilambe. Mtu akienda kuinunua, atakuwa ameshaonywa na mdomo wake mwenyewe.”

Ndivyo ilivyokuwa. Mchana uleule tulikata vitalu mbele ya dagashida nzima. Wazee waliomba kutupa fremu wenyewe, kwa mgongo, na tukakimbia huku na kule kuokoa magoko. Tukapima kwa mizani ya pamba, na mzee mmoja akaikagua kwanza juu chini, akasema anataka kuona kama ni ya wanunuzi au ni ya kweli. Majani ya vitalu vya mbolea yalitosha ng'ombe wa Mayu Kabula, yakabaki ya kukaushwa na kuuzwa. Na Bwana Nkwabi akawaonyesha kile kitalu cheusi kwa ukijani, kilichopewa nyingi kupita wastani, akakipima nacho. Hakikuongeza kitu cha maana. “Hiki kimekula bure,” akasema. Nimewahi kusikia mihadhara mingi kuhusu kiasi cha naitrojeni. Hakuna uliokaa kwa watu kama maneno yale.

Mteja wa kwanza wa majani makavu alikuwa Mzee Masanja. Ng'ombe wake walikuwa dhaifu, hawakuweza kwenda mbali. Mayu Kabula alimuuzia, kwa sharti kwamba akate mwenyewe, na akate kwa ngumi. Nilimwona, mwenye kundi kubwa kuliko wote, ameinama na mundu, na shemeji yake amesimama pembeni anamwambia, “Juu kidogo, shemeji. Ngumi, si kofi.”

Baada ya hapo tulizunguka sana. Shishiyu tulijifunza kwamba kwenye luseni, udongo wa mchanga, mvua moja kubwa inaikimbiza mbolea chini kabla mizizi haijaiona, na kwenye mbuga nyeusi inayotuama maji mizizi inazama na mbolea haisaidii waliozama. Bukundi, kwa watu wetu, nilijifunza kwamba mwaka wa mvua haba ni afadhali usinyunyize kabisa, na kwamba mtama wa malisho ulionyauka huku una mbolea nyingi usimpe ng'ombe mwenye njaa. Kila nilikokwenda, kabla ya kufundisha kitu, niliuliza kwanza: hiki ninyi mnakiitaje? Hilo ndilo ninalowaachia. Mengine mtayasoma.

Bwana Nkwabi alistaafu kabla yangu na akatangulia mbele ya haki. Ile fremu ya nondo ndiyo iliyoko ukutani ofisini kwenu. Msiipake rangi. Ngitili ya Mayu Kabula anayo mjukuu wake, na mvua zikianza inafungwa kama zamani. Nimepita hapo majuzi. Majani yalikuwa kifuani.

Nilipotoka hapo niliingia duka la pembejeo mjini Bariadi kununua chumvi ya mbuzi wangu. Kijana wa dukani, shati limepigwa pasi, aliniona nimesimama karibu na gunia lililofunguliwa, akaja haraka.

“Shikamoo, mzee. Hiyo si chumvi. Hiyo ni Usilambe.”

“Marahaba. Kwa nini inaitwa hivyo?”

“Ni jina la kampuni,” akasema kwa uhakika. “Wazungu wa zamani huko. Lakini mzee, kweli, usiilambe. Na mifugo usiipe, hata kidogo. Nyunyiza kwenye majani, mvua ikiwepo, jioni, halafu usizidishe. Ukizidisha inakula bure.”

Alisema hivyo, inakula bure. Nikamwambia nimeelewa. Nikachukua chumvi yangu, nikamshukuru, na nikaenda kwa mbuzi.